"Yangu!" na "Uwanje!": Mazoezi ya voliboli yaliyotufikisha hospitali

Wiki iliyopita mtu mmoja aliandika humu kuhusu lugha anazoongea, nikakumbuka jambo la Mutoyi nikaona na mimi niliandike.

Kwenye voliboli, kabla hujajua kupiga sevu, unafundishwa kuita. Mpira huwezi kuudaka ukatulia nao, na timu ina miguso mitatu tu ya kuurudisha upande wa pili. Ukija katikati ya watu wawili hakuna muda wa kuulizana. Mmoja lazima apige kelele kwamba ni wake, mwingine ampishe. Neno ni moja tu, lakini lisiposikika mpira unaanguka, au watu wanagongana.

Mimi nilizaliwa Mishamo, Tanzania, mwaka 1996. Babu na bibi walikimbia Burundi wakati wa mauaji ya 1972, wakaishia kwenye yale makazi ya Warundi: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Shule nilisoma kwa Kiswahili kama mtoto yeyote wa Kitanzania. Kirundi nilikisikia kwa bibi, hasa akiwa amekasirika. Mwaka 2007 serikali ikawapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua, uraia wa Tanzania au kurudi. Wengi walichagua kubaki. Baba yangu alichagua kurudi, na mwaka 2009 tukafika Bugendana, mkoa wa Gitega, si mbali na misheni ya Mutoyi. Nilikuwa na miaka 13. Shuleni nikarudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu ya Kifaransa, nikakaa na watoto wadogo kuliko mimi, magoti yanagonga dawati.

Walituita Abatanzaniya. Wengine walisema kwa utani, wengine hawakutania.

Halafu kulikuwa na shamba. Tuliporudi, tulikuta ardhi ya babu inalimwa na familia nyingine tangu zamani sana. Hawakuwa watu wabaya, na watoto wao walizaliwa pale. Walioishi Burundi miaka hii watanielewa, kesi za namna hii zilikuwa nyingi mpaka nchi ikaunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006. Yetu ilikuwa bado haijaamuliwa. Na kapteni wa timu ya voliboli ya wasichana alikuwa mtoto wa familia ile.

Mnaona mambo yalivyokuwa. Nyumbani wazee hawasalimiani, na sisi wawili tunapokea sevu bega kwa bega mstari wa nyuma.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, nguzo za mikaratusi, na wavu uliofumwa kwa kamba. Wavu wa wanawake unatakiwa uwe mita 2 na sentimita 24. Wetu pembeni ulifika, katikati ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mpira ulikuwa mmoja. Ukiingia kwenye maharage ya jirani, mazoezi yanasimama mpaka upatikane.

Siku yenyewe ilikuwa mwaka 2010, msimu wa mvua. Ilinyesha mchana ikakatika, uwanja ukawa unateleza. Mwalimu alitaka kutuachia twende nyumbani, sisi tukakataa kwa sababu Jumamosi tulikuwa na mechi. Tukaanza. Dakika za mwanzo ni vicheko tu, mmoja kateleza kakaa chini, mwingine kapiga sevu ikamgonga mwalimu mgongoni. Mara mpira ukapotea kwenye maharage, mwenye shamba akaja na jembe begani, akagombeza, kisha akautafuta yeye mwenyewe na kuturushia. Akabaki pembeni kutazama. Mzee yule nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Ikaja sevu ndefu ya juu, ikashuka katikati yangu na kapteni. Nikapiga kelele, "Yangu!" Naye akapiga kelele, "Uwanje!" Neno ni lilelile, wangu, kwa Kirundi. Yeye alisikia sauti ya mtu lakini masikio yake hayakusikia neno la kuita. Mimi vilevile. Na neno la Kirundi nilikuwa nalijua! Lakini mpira ukiwa juu ya kichwa huchagui lugha, ile iliyokulea ndiyo inatoka.

Tukagongana. Kiwiko chake kilipasua ngozi juu ya jicho langu, na kidole chake kimoja kiliteguka kikawa kinatazama upande usio wake. Damu ya usoni inatoka nyingi kuliko kidonda chenyewe, kwa hiyo nikawa naonekana kama nimechinjwa. Watoto waliokuwa wakitazama wakakimbia vijijini kutoa habari. Habari waliyotoa haikuwa kwamba wasichana wamegongana wakicheza. Walisema Mtanzania na binti wa fulani wamepigana kwa ajili ya shamba.

Hospitali ya Mutoyi haikuwa mbali, tukapelekwa kwa miguu, mwalimu katikati yetu. Muuguzi alikuwa anauliza haraka haraka, nilizimia? naona vizuri? kichwa kinazunguka? Kirundi chake cha hospitali sikukipata chote, na nilikuwa natetemeka. Aliyenirudia maswali polepole, kwa maneno mepesi, alikuwa kapteni. Ameshika mkono wake kama ameshika ndege, jasho linamtoka, na bado ananiuliza kama naona mtu mmoja au wawili.

Tulipotoka, mimi na nyuzi zangu, yeye na kidole kilichofungwa, nje kulikuwa na watu. Baba yangu upande mmoja. Baba yake na baba zake wadogo upande mwingine, mmoja ana fimbo. Mtu akapaza sauti, "Subira i Tanzaniya!" Rudi Tanzania. Mwalimu alijaribu kueleza lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Kwa kweli niliogopa kuliko nilivyoogopa damu.

Kapteni akaenda akasimama mbele ya baba yake. Kwa mila za kwetu msichana wa miaka 15 haongei mbele ya wazee wakiwa hivyo. Akasema, "Aliita. Na mimi niliita. Mpira ulikuwa katikati." Akarudia mara ya pili. Baba yake akamtazama usoni, akatazama kidole, akatazama jicho langu. Akamwambia yule wa fimbo waende nyumbani, giza linaingia. Baba yangu akawaambia usiku mwema. Wakaitikia. Sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kabla ya hapo.

Sitaki kuwadanganya kwamba shamba liliisha pale. Liliamuliwa baadaye, likagawanywa katikati, na kila upande uliona umepunjwa. Lakini hakuna aliyerudi na fimbo.

Mwalimu alitukusanya akasema timu ichague neno moja. Hapo ndipo palipowaka moto kweli. Wengine walisema hapa ni Burundi, neno ni uwanje. Mmoja akataka Kifaransa ili kusiwe na wa kulalamika. Mwalimu hakuingia siasa, alitupanga mbali upande wa pili wa uwanja, upepo unavuma, akatuita kila neno tusikilize. "Yangu" ilisikika vizuri zaidi. Tukalitumia, na Jumamosi tukafungwa seti mbili kwa moja bila kugongana hata mara moja.

Mwaka 2015 tulikimbia tena. Leo niko Kakuma, nafundisha voliboli wasichana kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, na Waturkana wa hapa hapa. Kwa ndugu zetu wa mashirika nina neno moja. Mkiandaa mashindano ya amani, msitupange timu ya Warundi dhidi ya timu ya Wasudani. Kila timu inaita kwa lugha yake, inacheza vizuri, inarudi nyumbani kama ilivyokuja. Tuchanganyeni, hata kama wiki ya kwanza tutagongana.

Hawa wangu nao niliwaambia wachague neno la kuita. Nilitegemea "yangu" itapita bila kupingwa. Haikupata hata kura tano. Walichagua "mimi!", kwa sababu wale wageni wa Kiswahili walisema ndilo la kwanza walilolijua. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Mipira tunayo mitatu, pampu ndiyo bado tunatafuta.