Stika ya i7 haiediti video

Kama una shilingi 40,000 na unatafuta lapi ya kuediti, ile stika iko kando ya kibodi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Najua inauma. Huku Thika mtu akisema "niko na i7" watu wananyamaza kidogo, ni kama ametaja gari. Lakini i7 ni jina la familia tu, na kwa familia kuna babu na kuna mjukuu.

Chukua HP EliteBook 840, hizi za ex-UK zimejaa kila mahali. Ile G3 unaweza kuipata na i7-6600U, kizazi cha 6. Ndani ina kore 2, yaani wafanyakazi wawili. G5 unaipata na i5-8250U, kizazi cha 8, kore 4. Kwa macho zinafanana karibu kama mapacha. Wa G3 ataringa na stika, wa G5 atamaliza kazi alale. Tena Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa prosesa chache sana. Ndio maana ukiona i7 bei ya kutupa, jiulize kwa nini inatupwa.

Nilianza kusoma hizi namba kwa sababu pesa haikuwa yangu. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ikiwa na deni. Mathe ni fundi wa nguo hapa Makongeni. Alikopa 42,000 kwa chama chao, akaniambia nichague: nirudi shule, ama ninunue mashine. Chama kinataka 4,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, na akina mama wa chama hawana utani. Swali lake lilikuwa moja.

"Hiyo mashine itaanza kulipa mwezi gani?"

Nilichukua siku nne kumjibu. Sikufungua YouTube, kwa sababu kule unashauriwa na mtu wa Marekani ambaye kadi yake ya grafiki pekee ni zaidi ya deni letu lote. Nilichukua daftari nikaandika kazi nilizo nazo. Mahali pa nyama choma kule Kamakis, video 2 fupi kila wiki, 1,500 kila moja. Ruracio na ngurario za Jumamosi, nyingi ziko Ruiru upande wa Membley. Mara moja moja mtu wa nguo hapa mjini. Na zote narekodi kwa simu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliamua kila kitu.

Simu hubana video kwa mtindo unaoitwa HEVC, au H.265. Ni kama kukunja shati mpaka lienee mfukoni. Nafasi unaokoa, lakini ukitaka kuliona lazima ulikunjue, na kompyuta inakunjua picha 30 kila sekunde. Hapo ndipo lapi ya zamani inaanza kukwama, sauti iko mbele, bibi harusi ako nyuma. Prosesa za Intel ziko na sehemu inaitwa Quick Sync ambayo kazi yake ni hiyo ya kukunja na kukunjua. Kuanzia kizazi cha 7 inaweza HEVC hata ile ya biti 10, ambayo iPhone kuanzia 12 hutoa ukirekodi na HDR. Kwa kazi yangu hiyo sehemu moja ilikuwa na maana kuliko kadi ya grafiki ambayo singeweza kununua.

Halafu nafasi. iPhone yenyewe inakuambia kwa mipangilio: dakika moja ya 4K, picha 30 kwa sekunde, ni kama MB 170. Ngurario ya saa 3 ni karibu GB 30. Lapi nyingi za ex-UK zinakuja na SSD ya GB 256, na Windows imeshajichukulia yake. Kwa hivyo diski ya nje iliingia kwa bajeti kabla ya begi.

Desktop niliifikiria sana, na kwa haki ndiyo ina nguvu zaidi kwa hiyo pesa. Haichemki haraka, na nyingi zina nafasi ya kuongeza kadi ndogo baadaye. Kama una chumba chako na stima yako haina drama, nunua desktop, usinisikize. Mimi stima ikipotea Makongeni napanda matatu naenda Ruiru kumalizia kazi pale kwa mteja. Desktop huwezi kuipakata mpaka Juja, sembuse Ruiru.

MacBook Air ya M1 pia niliiangalia, ile ya 2020. Inaediti vizuri, haina hata feni. Shida ni kwamba RAM unayonunua nayo ndiyo utazeeka nayo, na bei ilinipita. Ukiwa na hiyo pesa, sina maneno.

Sasa siku ya kununua. Luthuli Avenue, Nairobi, nikiwa na flash na klipu ya dakika 5 ya 4K kutoka simu yangu mwenyewe. Duka la kwanza jamaa alinikataza kuichomeka. "Kaka, hii ni mashine ya ofisi, ni safi kabisa." Nikatoka. Duka la tatu walikubali, na nikakaa hapo dakika 20 bila aibu. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc nikaona jina kamili la prosesa, na kwa upande wa RAM nikaona nafasi 2, moja tupu. Nikaandika powercfg /batteryreport kwa ile dirisha nyeusi, ikanitolea ripoti: betri ilikuwa na uwezo gani ikiwa mpya, na sasa inashika ngapi. Nikaizima, nikaiwasha nikibonyeza F10 kuona kama BIOS inadai neno la siri. Hizi lapi zilikuwa za makampuni, na ikiwa na kufuli ya mwenyewe wa zamani huyo fundi wa kuifungua utamtafuta sana. Skrini nikailinganisha na simu, klipu ileile. Rangi zilikuwa zimepauka, na bado zimepauka, kwa hivyo rangi za mwisho huwa nazikagua kwa simu.

Nilichukua G5 kwa 31,000. RAM ya GB 8 juu ya ile 8 iliyokuwemo, 3,000. Diski ya nje ya TB 1, 5,500. Ikabaki 2,500 ya data na nauli.

Inafanya nini? Kazi nyingi nafanyia CapCut ya kompyuta. DaVinci Resolve ya bure inafunguka na inakata vizuri nikitumia proksi, zile nakala ndogo za video unazoeditia, halafu ukitoa kazi inarudi kwa zile kubwa. Ukianza kurundika efekti inagoma, na feni inalia mpaka mathe anauliza kama ni cherehani yake. Ngurario ya Jumamosi inatoka Jumatatu asubuhi. Zamani kwa simu ilikuwa Alhamisi, na wateja wawili walikuwa washaniambia waziwazi wanatafuta mtu mwingine.

Mathe nilimjibu mwezi wa kwanza, kwa sababu Kamakis pekee ni 12,000 na chama ni 4,000. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaniambia hiyo ni kama Kamakis hawatafunga. Ako sawa, na ndio maana za ruracio naziweka kando. Tumelipa miezi 7, imebaki 5. Mimi nataka hizo 4,000 zikishatoka kwa chama ziende kwa skrini ya maana. Yeye anasema zianze kwenda kampasi. Hiyo hesabu bado hatujaikalia.