Alizunguka Kariakoo wiki sita kutafuta kioo cha gemu, kisa mkono wa kaka yake

Kuna mshkaji mmoja wa Tabata, miaka 28, kazi yake ni kuchonga makabati ya jikoni. Mwaka jana akaamua kuchonga kabati la aina nyingine kabisa: mashine ya gemu ya kusimama, zile za kizamani zenye stiki na batani kubwa, kama aliyokuwa anaiona utotoni siku za Idi kwenye ukumbi mmoja mjini. Aliyekuwa anampeleka ni kaka yake. Na mtu ambaye watoto wa pale walikuwa wanamkimbia kwenye Street Fighter II ni huyo huyo kaka.

Sasa huyo kaka ndiyo sababu ya yote haya. Alikuwa bodaboda, akagongwa, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiganja, akawekewa chuma. Mfupa uliunga vizuri tu, ila mwenyewe ndiye hakurudi. Hospitali walimwambia avitumie vidole kila siku. Yeye akawa anashinda chumbani na simu, anaperuzi kwa mkono wa kushoto, pikipiki imefunikwa turubai nje. Shemeji akawa anaongea na dogo jikoni kwa ile sauti ya chini ambayo familia nyingi mnaijua.

Kabla hajakata hata mbao moja, dogo alitaka kujaribu. Akaunganisha Raspberry Pi na TV ya sebuleni, inchi 43, akamwita braza. Picha ikavutwa pembeni mpaka Ken akawa bonge, wakacheka kidogo. Halafu mpinzani akaruka, braza akabonyeza, ngumi ikatoka wakati ameshapigwa. Tena. Tena. Raundi nne hivyo hivyo. Akaweka stiki chini taratibu.

"Dogo, mkono umekufa huu. Usinisumbue tena."

Kumbe dogo alikuwa anarekodi kwa slow motion ili aweke status. Usiku akairudia ile video. Ina picha 240 kwa sekunde, akawa anazihesabu moja moja. Kidole kinabonyeza, zinapita picha 33 ndipo Ken anaanza kusogea! Yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa gemu inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hapo picha nane zimeshaliwa. Kidogo ni ile kompyuta yenyewe, lakini nyingi ni TV. TV za siku hizi zinaipokea picha, zinaing'arisha, zinalainisha mwendo, ndipo zinakuonyesha. Ukiangalia tamthilia huoni tofauti. Ukicheza gemu ya kupigana, umekwisha. Dogo alijaribu mwenyewe, na mikono yake mizima, naye akachelewa vile vile.

Akamtumia braza ile video na maelezo marefu. Jibu likaja moja: "Asante kwa kunifariji."

Ndipo safari ya kioo ilipoanza.

Watu wa kwanza walimshauri TV ya chogo. Na kweli, chogo haicheleweshi kitu, na zile gemu zilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini ni mzigo wa kubebwa na watu wawili, na ukitaka iingie kwenye kabati vizuri lazima uivue ganda, wakati ndani mle umeme wa kuua mtu unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Nyumba yenye watoto watatu. Mama alisema neno moja tu, hapana, na kesi ikaisha.

Basi bwana, Kariakoo. Monita za mitumba zimejaa, zile za maofisini, ila nyingi mpya mpya ni pana kama TV. Mashine za zamani picha yake ni nne kwa tatu, karibu mraba. Akapata ya inchi 19 kwa elfu 60, umbo linakaribia, haicheleweshi. Kufika nyumbani akailaza kwa mwinamo ambao mashine inakuwa nao, akasimama: rangi zimefifia. Akasogea upande wa mchezaji wa pili: zimegeuka kabisa. Vioo vingi vya bei rahisi viko hivyo, vinataka uvitazame usoni. Braza ni mrefu. Angeona ukungu mtupu, na dogo alishajua lawama zingeangukia wapi.

Ya pili aliinunua kwa mtu mwingine, dukani inawaka safi. Baada ya saa moja ikaanza kupepesa. Fundi akaifungua, kapasita zimevimba kama maandazi. Kurudisha? Mitumba hiyo, ukivuka mlango ni yako.

Kuanzia hapo akawa anatembea na begi: Raspberry Pi, batani moja, simu ya kurekodia. Anaomba umeme dukani, anabonyeza, anahesabu picha. Anainamisha monita, anaichungulia kutoka juu na pembeni. Anaiacha iwake nusu saa huku muuzaji amenuna. Wengine walimfukuza. Mmoja alimuuliza kama ni mtu wa TRA.

Wiki ya sita, chini kabisa ya rundo, akaiona Dell 2007FP. Inchi 20, nne kwa tatu kamili, pikseli 1600 kwa 1200. Ni monita za miaka ya 2000 na kitu, na zilitoka na vioo vya aina mbili chini ya jina moja, kwa hiyo hata hapo hakuruka kwa furaha. Akainamisha. Rangi zimekaa. Akabonyeza, akahesabu: picha 16. Ni nusu ya ile TV. Tundu la HDMI haina, ina DVI, lakini waya wa kutoka HDMI kwenda DVI unatosha bila kifaa chochote cha kugeuza. Elfu 90. Hakuomba hata kupunguziwa, jambo ambalo Kariakoo ni aibu.

Kabati alilimaliza kwa siku tisa. Alilisimamisha koridoni, mlangoni kwa braza, akaliwasha na kuanza kucheza peke yake. Muziki wa kuchagua wachezaji ukalia pale kwa dakika kama ishirini.

Braza akatoka. Hakusema kitu. Akachagua Ken.

Mpinzani akaruka, na ngumi ikamkuta hewani.

Ukweli usemwe, mkono bado ni mzito. Dogo alimfunga mara tatu kati ya tano, na kwenye raundi ndefu braza alikuwa anasimama, anakunja na kukunjua vidole, sura imekunjamana. Lakini sasa alikuwa anabisha! Anasema dogo anakaa pembeni kama mwoga, anasema hiyo haihesabiki, anataka marudio. Shemeji alitokea na mwiko mkononi kuita watu wakale, akawaangalia, akarudi jikoni bila kuita.

Karibu saa tano usiku braza akagonga batani ya katikati mara mbili tatu, akaisikiliza.

"Hii imebana. Umenunua wapi?"

"Kariakoo."

"Duka gani? Kesho nitaenda kuibadilisha mwenyewe."