Toleo la Pili Lililokuwa la Zamani

Nilimwambia kijana mmoja wa Bukavu kwamba simu yake ni mbovu. Simu yake ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kazi yangu, nami nilijua.

Kazi yenyewe ni igisoro ya simu, mchezo uleule ambao wazee wetu huucheza: mashimo 32, kete 64, watu wawili. Niliutengeneza jioni hapa Kamembe, nikijifundisha mwenyewe. Haukuwahi kuwekwa dukani. Faili lilitoka kwangu kwa WhatsApp au Bluetooth, likavuka daraja la Rusizi hadi Bukavu, na baada ya hapo sikujua limeishia kwa nani. Mchezaji hakuwa na njia ya kujua ameshika faili lipi isipokuwa namba ya toleo. Na namba hiyo nilikuwa naibuni tu.

Toleo la kwanza nililiita 1.0 wakati mashine ilikuwa bado haijui hata kucheza upande wake. Niliona aibu kuandika 0.1, nilidhani mtu akiona sifuri hatafungua. Ikaja 1.3, kisha «1.3 mpya», kisha «1.3 ya mwisho», na folda za kompyuta yangu zikabeba majina hayohayo. Nilipotaka marafiki waone kazi inasonga, nilibadili rangi za ubao nikatangaza 2.0. Folda niliyoijengea ilikuwa ya zamani. Kasoro nilizokwisha kuzisahihisha, hasa katika kanuni ya kurudisha kete kinyumenyume, zikarudi zote.

Programu ya Android hubeba namba mbili. Ile inayosomwa na watu unaweza kuiandika upendavyo. Ya ndani husomwa na simu, na inapaswa kupanda kila unapotoa toleo jipya. Simu ikikuta faili lenye namba ya chini kuliko ile iliyomo, inalikataa. Ndivyo 2.0 yangu ilivyokataliwa na simu zenye 1.3.

«Yaya, inakataa kuingia,» kijana akaniandikia, akiniita kama mkubwa wake.

Nilijua sababu mara moja. Nikamjibu kwamba simu za aina hiyo zina matatizo, afute toleo la zamani kwanza. Akafuta. Rekodi za mashindano yake na ndugu zake wa nyumbani, zote zilizokuwa zimehifadhiwa humo, zikafutika pamoja nalo. Hakunilaumu. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye mtengenezaji, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Aibu ile ya sifuri haikuwa na msingi. Michezo mashuhuri ilikuwa nayo. Minecraft ilianza kuuzwa 2009, na ilipofika 1.0, Novemba 2011, mamilioni walikwisha kuinunua. Tarn Adams na nduguye Zach walitoa mchezo wao wa Dwarf Fortress 2006, ikaendelea kuanza na sifuri kwa miaka mingi. Namba yake ilikadiria sehemu ya mpango waliyokwisha kuifikia, na wachezaji waliipenda vilevile. Utaratibu wa namba za matoleo uliofafanuliwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, nao unasema bayana: kabla ya 1.0.0, lolote linaweza kubadilika. Namba inayoanza na sifuri ingenipa ruhusa ya kuendelea kujenga mbele ya macho ya watu. Mimi nilikuwa nimewaambia kwamba nimemaliza, hivyo kila rekebisho likawa kukiri uongo.

Nadhani ndiyo maana nilikimbia. Badala ya kurekebisha igisoro, nilianza mchezo mwingine, wa wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nao pia nikauandika 1.0 kabla haujawa na wavu. Mradi mpya hauna mtu anayekudai. Nawajua vijana wenzangu, huku na ng'ambo, ambao kompyuta zao zimejaa mianzo ya namna hii, na sidhani ni uvivu. Tunaogopa kuonekana tukiwa katikati ya kazi.

Nimemwandikia yule kijana ukweli wote. Igisoro sasa ni 0.4, namba yake ya ndani nimeipandisha kupita zote zilizotangulia, na ukurasa wa kwanza unaorodhesha yasiyofanya kazi, likiwemo la mashine kushindwa kucheza. Rekodi zake siwezi kumrudishia. Mchezo wa sambaza nimeusimamisha, na nimewaarifu wote niliowatumia kwamba umesimama.