Tangi la Mbele

Watu husifu gari la kale kwa rangi yake na mlio wake. Mimi siku hizi hulipima kwa pua. Ukifungua mlango wa gari lililolala bandani usiku kucha ukapokewa na harufu ya petroli, hapo kuna jambo, na jambo hilo halingoji kesho.

Volkswagen tuliyoachiwa na marehemu baba ni ya mwaka 1966. Kama ujuavyo, ndugu msomaji, injini ya gari hili iko nyuma na tangi liko mbele, chini ya boneti, nalo huchukua kama lita 40. Mdomo wa kujazia umo humo humo ndani. Yale yaliyotoka kiwandani tangu Agosti 1967 ndiyo yaliyotolewa mdomo nje. Kwa hiyo petroli ikimwagika kituoni, humwagikia panapowekwa mizigo. Kutoka tangini hupita katika bomba jembamba la chuma, katikati ya viti, mpaka kwenye pampu huko nyuma. Anayesafiri humo ana petroli mbele ya miguu yake na petroli ubavuni mwake. Na wajukuu wa baba hugombania kiti cha mbele.

Tangi lilipoanza kuvuja kwenye mshono, kaka yangu alitaka lipelekwe kwa mchomeleaji.

"Mdogo wangu," aliniambia, "tangi hili ni la mzee. Ukiling'oa utabakiza nini?"

Hoja yake naiheshimu. Lakini tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Kinachowaka si ule umajimaji, bali ni mvuke wake, ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kama asilimia 1.4 hadi 7.6. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya mchanganyiko huo. Lililomiminwa likaanikwa juani lina nafasi tele, maana petroli hujificha katika kutu na mishono, na moto wa kuchomelea huiamsha. Wako mafundi wanaolijaza maji kwanza, wakaacha upenyo mdogo tu. Wako pia wanaonusa, wakatikisa kichwa, wakawasha.

"Kaka," nilimjibu, "la mzee ni gari. Kutu si ya mzee."

Alinyamaza siku mbili. Tukanunua tangi jingine, na lile la zamani akalichukua kwake.

Hata hivyo, moto wa magari haya mara nyingi huanzia nyuma. Pampu na kabureta vimeunganishwa kwa mpira mfupi unaopita karibu na distibuta, mahali penye cheche na joto. Mpira huo ukizeeka hukauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Baadhi ya mafundi huuongezea balaa kwa kupachika katikati yake filta ya plastiki, ambayo hutikisika na injini na kuuvuta mpira mpaka utoke. Na kwa kuwa tangi liko juu kuliko pampu, ukizima injini petroli inaweza kuendelea kutiririka. Isitoshe, mwili wa injini umetengenezwa kwa aloi ya magnesi, madini ambayo yakishashika moto, maji huyachochea badala ya kuyazima.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Mipira yote ilibadilishwa, kuanzia ule wa chini ya tangi, kwa mipira iliyoandikwa kuwa ni ya petroli, si ile ya maji inayouzwa kwa mita. Kila ncha ilifungwa kwa klipu. Filta ilihamishiwa kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini, na pale bomba linapopenya bati tuliweka raba ili lisisuguke. Mtu asiyejua hataona tofauti yoyote, jambo lililompendeza sana kaka.

Kilichobaki ni mtungi wa kuzimia moto. Wengi huuweka chini ya mizigo, ndani ya nailoni yake, kwa ajili ya kumwonyesha trafiki. Katika gari hili mizigo imekaa pamoja na tangi, basi nani atafungua boneti inayofuka moshi? Wa kwetu, wa unga, kilo 1, nimeufunga mbele ya kiti cha dereva. Kaka huugonga kwa kisigino kila aingiapo, na kila mara hunung'unika kwamba enzi za mzee haukuwapo.