Namba Nne za Siri

Mwenzangu, kuna maswali ambayo mtoto wa miaka sita hatakiwi kuyauliza mezani, hasa siku ambayo mama mkwe yupo. Wa kwangu aliuliza. Ilikuwa Jumapili usiku, Julai 2024, nyumbani Forest hapa Mbeya, baridi ile ya kukunja vidole, mama mkwe kajitanda kitenge chake anamenya kiazi. Mtoto akaniangalia, akasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mama, eti wewe una mchepuko?"

Kiazi kikabaki mkononi mwa bibi yake. Mimi nikacheka, cheko la mtu aliyekanyaga msumari. Nikamuuliza hilo neno kalitoa wapi, akanyoosha kidole kwenye TV. Mama mkwe hakusema kitu mpaka kesho yake asubuhi, tukiwa stendi anasubiri basi la kurudi Iringa. "Mwanangu," akasema, "mtoto hatungi. Anarudia." Akapanda gari.

Nieleze kidogo. Mimi na baba watoto tulianzia maisha Iringa, Kihesa. Mwaka 2022 nikahamishiwa Mbeya kikazi. Cheo kilikuwa kimepanda na mshahara nao umeongezeka, kwa hiyo hakukuwa na mjadala mrefu. (Ulitakiwa uwepo.) Yeye kazi yake iko kulekule. Watoto wawili, binti wa miaka kumi na moja na huyu msema kweli, wakaja na mimi. Kati yetu kuna Uyole, Igawa, Makambako na Mafinga, mwendo wa saa tano au sita kwa basi, na malori ya Tunduma yakikubania njia nzima. Ili watoto wasichoke kumsubiri, baba yao akanunua TV janja ya inchi 50, akaja nayo mwenyewe, akaifunga ukutani, akaingiza akaunti yake ya YouTube "ili mambo yaanze", halafu Jumapili akarudi Iringa. Hiyo akaunti naomba uikumbuke.

Usiku ule wa swali sikumfikiria yeye. Nilimfuata dada wa kazi jikoni. Ni binti wa Tukuyu, mpole, hana makuu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, la mwisho likiwa kwamba mwisho wa mwezi afungashe. Akalia. "Mama, mimi nawawekea katuni tu, halafu narudi jikoni." Nikamwambia aache uongo.

Enzi zetu mambo haya yalikuwa rahisi. Nimekulia Iringa wakati televisheni ndiyo kwanza inaingia Bara. ITV ilianza mwaka 1994, na sisi wa mikoani picha zilitufikia kwa kuchelewa, nusu yake chenga. Mzee wangu alikuwa na kabati la mbao lenye kufuli, TV ndani, ufunguo anatembea nao mfukoni. Wakianza kukumbatiana kwenye tamthilia, mzee anakohoa, na sisi wote kwa pamoja tunakumbuka kuna maji tumeacha jikoni. Kwa hiyo Jumatatu usiku, watoto wamelala, nikakaa chini na rimoti na simu nikiamini natafuta kufuli tu.

Kufuli si moja, na hilo ndilo linalotuponza wengi. Niliingia kwenye mipangilio ya TV nikafunga chaneli, nikajipongeza, kumbe nimefunga chaneli zinazoingia kwa antena ya TV yenyewe, ambazo hapa kwangu hakuna anayezitazama. King'amuzi kina namba yake ya siri na kufuli lake, unalitafuta kwa rimoti yake. YouTube nayo ni nyumba nyingine kabisa. Ina hali yenye mipaka, inayojaribu kuchuja video za wakubwa, lakini video ya mtu mzima aliyevaa suti anayeongelea ndoa kwa upole inaweza kupita kwenye chujio bila shida. Kwa watoto kuna YouTube Kids, unachagua rika, au unakuwa mkali zaidi, unaidhinisha mwenyewe kila watakachokiona. Niliwaidhinishia Ubongo Kids, vibonzo vya hapahapa kwetu vilivyoanza mwaka 2014, na nikaongeza vingine vichache. YouTube ya wakubwa nikaifungia kwenye TV yenyewe, maana TV nyingi za sasa zinakuruhusu kufunga programu mojamoja kwa namba nne. Na ukifanya haya, ile namba iliyotoka nayo kiwandani ibadilishe. Mara nyingi ni 0000, na hakuna mtoto wa Kitanzania asiyeanza kubahatisha hapo.

Kabla sijafunga, nikasema ngoja nichukue ushahidi wa dada. Nikafungua historia ya video zilizotazamwa.

Katuni, katuni, katuni, halafu: dalili za mke aliyekuchoka. Mke akipandishwa cheo ufanye nini. Mchepuko wa mke unaujuaje. Zilikuwa nyingi. Nikazihesabu za Alhamisi, zilikuwa kumi na moja. Damu ikanichemka, nikainuka niende kumwamsha yule binti, nikafika mlangoni nikasimama. Alhamisi hatukuwa na umeme kutwa nzima mpaka usiku. Nakumbuka vizuri, tulikula kwa mshumaa.

Nikarudi kukaa. Juu kabisa ya skrini kulikuwa na kiduara chenye picha ndogo, mwanaume kavaa suti ya harusi. Akaunti ni moja, bwana. Simu yake ya Iringa na TV yangu ya Mbeya zilikuwa zinakula sahani moja. Anachokitazama yeye kitandani Kihesa, YouTube inakiweka kwenye historia, halafu asubuhi inampangia mwanangu vingine vya namna hiyo pale ukurasa wa mwanzo, katikati ya katuni. Mtoto kabonyeza picha ya watu wanaogombana. Hata mimi ningebonyeza.

Nilifungua sehemu ya kutafuta. Hilo sikupaswa, najua. Neno la karibuni alilotafuta lilikuwa: mke hapokei simu usiku.

Hasira ilikuja kwanza. Yaani mimi, niliyerudi kazini saa 1 usiku nikakagua madaftari na kuzimia kitandani saa 3, ndiye wa kuchunguzwa? Baadaye kikaja kitu kingine ambacho sikukipenda. Nikafungua simu yangu nikaangalia alivyonipigia wiki ile. Mara tano. Nilipokea mbili, na zote mbili tuliongelea ada na gesi.

Asubuhi nikamwomba dada radhi. Kumwomba radhi dada wa kazi ni jambo ambalo wengi wetu hatujui hata linaanzia wapi. Nilisema nimekosea, akasema "haya mama", akaendelea kukatakata mboga. Mpaka leo yupo, lakini katuni hawawekei tena. Ananiita mimi.

Mume wangu sikumwambia kitu. Niliiondoa akaunti yake kwenye TV, nikaweka yangu, nikaona nimemaliza. Wiki mbili baadaye akaja, akashusha begi, akawapa watoto zawadi, akashika rimoti. TV ikauliza nani anatazama. Kuna mimi, kuna watoto. Akakaa kimya, halafu akasema polepole: "Hata kwenye TV sipo?"

Nikacheka, na nilikosea, maana yeye hakuwa anatania.

Watoto walipolala nikamwambia nilichokiona. Alichoshika kwanza si zile video. "Kwa hiyo umenipekua." Nikamwambia nilikuwa natafuta makosa ya dada. "Ukayakuta ya kwangu." Tulikwenda hivyo mpaka saa 7 usiku, tunanong'ona kama wezi kwa sababu chumba cha watoto kiko ukutani. Nilimuuliza kama kweli anaamini nina mtu. Akasema hapana, halafu akasema hajui, halafu akasema: "Nikirudi kazini nyumba nzima ni mimi na friji. Nakupigia, unaniuliza kama nimelipa ada. Zile video angalau zinaongea na mimi." Nilitaka kumjibu kwamba na mimi nimechoka, na nilikuwa na haki. Sikusema. Nilimwambia tu kuhusu swali la mezani, mbele ya mama yake. Akafunika uso kwa mikono. "Mbele ya mama?" Hapo tukacheka wote wawili, yeye machozi yakimtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Asubuhi nikamrudisha kwenye TV kwa jina lake na picha yake ileile, nyuma ya kufuli. Namba tukaweka tarehe ya harusi. Haikumaliza wiki. Binti yetu aliifungua, na alivyoulizwa akaonyesha picha ukutani: tarehe imeandikwa chini yake kwa maandishi ya dhahabu. Tukabadilisha, akaijua tena, maana kwenye rimoti hizi zisizo na tarakimu unachagua namba palepale kwenye skrini, na yeye alikuwa anafuatilia kiboksi kinavyotembea.

Safari iliyofuata baba yao akaja na wazo la kihuni. Namba mbili za mwanzo aziandike yeye, mimi nimegeukia dirishani. Mbili za mwisho niandike mimi, yeye kageuka. TV inataka uirudie mara mbili, kwa hiyo tuligeukageuka pale sebuleni kama tunacheza kibaba, watoto wanatushangaa. Nikamwambia huu ni ujinga, nitaangaliaje tamthilia zangu? Akasema si una simu.

Jumanne saa 3 usiku watoto walikuwa wamelala, nikajifunika blanketi, TV ikaniuliza namba. Nikampigia. Haikuita mara mbili.

"Niambie zako, haraka, nasinzia."

"Kwanza umekula nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza nani kapika, nikamwambia, akaniuliza kuhusu yule bosi wangu mpya, nikaanza kumsimulia. Tulipokuja kukata simu TV ilikuwa imeshajizima yenyewe, na namba hakuwa amenipa.