Mikono Inayosema

Sisi tunaokaa katika kambi za askari tumezoea kuongozwa na sauti. Alfajiri tarumbeta hulia, firimbi hupigwa, amri hutolewa gwarideni, na jioni akina mama huitana kutoka kota moja hadi nyingine kuombana chumvi. Aghalabu hatufikirii kwamba wapo wananchi wenzetu ambao kwao milio yote hiyo ni kimya kitupu. Hao ndio viziwi, na leo, wasomaji wapenzi, napenda kuwaeleza habari zao na za kikundi kidogo cha mtaani kilichonikutanisha nao.

Nje ya ua wa kambi yetu anaishi kijana mmoja fundi seremala. Vitanda vya watoto katika nyumba nyingi za kota vimetoka mikononi mwake. Alipokuwa na umri wa miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio yakafa. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Wenye kusema Kiswahili wakamwita Bubu, na Waganda wakamwita Kasiru, neno lililo jirani sana na neno la mpumbavu. Hebu fikirini: mtu anayepima mbao bila kukosea hata unene wa ukucha, na anayejua hesabu ya kila mdeni wake, anaitwa mpumbavu kutwa nzima, na hana habari.

Mwaka 2021, wakati amri ya kutotoka nje usiku ilipokuwa ikitumika kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kijana huyo alichelewa kazini. Akakata njia karibu na lindo. Askari wa zamu akapaza sauti: "Simama!" Kijana akaendelea kutembea. Akaitwa mara ya pili, na mara ya tatu, naye hakugeuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, nikasikia bunduki ikikokiwa. Kwa bahati askari wa pili pale lindoni alikuwa amenunua kiti kwake juma lile. Akapiga kelele, "Afande, usipige! Huyu ni fundi, hasikii!" Kijana akafika kwake salama, wala hakujua kwamba alikuwa hatua chache kutoka kaburini.

Simlaumu yule askari wa zamu. Alifanya kama alivyofundishwa, kwa maana anayekaidi amri mara tatu usiku hudhaniwa kuwa adui. Wala simlaumu kijana. Lakini nilijiuliza: ikiwa wawili hawa hawana kosa, na bado mmoja angeweza kufa na mwingine akabaki na damu ya mtu moyoni mpaka uzee wake, basi kasoro iko wapi? Nikaona kasoro iko katikati yao, mahali ambapo pangepaswa kuwa na lugha.

Ndipo nilipojiunga na kikundi cha mama mmoja fundi cherehani, kiziwi naye, ambacho hukutana kila Jumapili alasiri chini ya mwembe. Mume wangu, ambaye ni sajini wa polisi, alicheka. "Mama watoto," akasema, "kazi za nyumbani zimekwisha, hata uende kuchezesha mikono?" Nikamjibu, "Baba watoto, wewe huchezesha mikono njia panda kila siku, na magari yanakutii." Akanyamaza, akanipa nauli ya boda boda.

Kikundi chetu kina watu 22, na kati yao 9 ni viziwi. Kazi yetu ni mbili: kujifunza lugha ya alama, na kuweka akiba. Kila mmoja huleta shilingi 2,000 kwa juma, na fedha hufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu mbalimbali. Mwenyekiti ni kiziwi, na ufunguo mmoja uko kwa kiziwi. Kanuni ya kwanza ni kwamba mikono inaposema, midomo hufungwa. Kwa nini? Kwa sababu baadhi yao walikwisha kuwa wanachama wa vikundi vingine vya akiba. Huko walitoa fedha kama wengine, lakini mazungumzo yalikuwa ya mdomo, riba ilipandishwa kwa mdomo, na siku ya kugawana wakapewa kiasi wasichoweza kukiulizia. Walikuwa na kiti, ila hawakuwa na kauli. Nimejifunza kwamba kumpa mtu nafasi ya kukaa ni jambo moja, na kumpa nafasi ya kukataa ni jambo jingine.

Isidhaniwe kuwa lugha ya alama ni mchezo wa kuigiza. Ina sarufi yake, na kila nchi ina yake. Alama za Uganda si zile zile za Uingereza wala za Marekani. Umbo la kiganja, mahali kinapowekwa, mwendo wake, hata nyusi za msemaji, vyote hubadili maana. Mimi nilihitaji miezi mitatu kabla ya kuweza kumweleza mtu habari za soko pasipo kumchekesha.

Nchi yetu haikuanza jana katika jambo hili. Chama cha kitaifa cha viziwi kiliundwa mwaka 1973. Katiba ya mwaka 1995 ilitaja wajibu wa taifa kukuza lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni akiwa mmoja wa wabunge wa watu wenye ulemavu. Shule za viziwi zipo: Ntinda mjini Kampala, na za sekondari huko Wakiso na Mbale. Lakini sheria iliyoko Kampala haiwezi kutembea yenyewe mpaka mlangoni petu. Hiyo huhitaji miguu ya majirani.

Kwa upande wetu tuliomba ruhusa ya mkubwa wa kambi, naye akakubali tuje kwa nusu saa baada ya gwaride. Yule mama fundi cherehani akasimama mbele ya askari, akawafundisha alama tano: simama, njoo, kitambulisho, nyumbani, na asante. Mimi nilikuwa mkalimani, magoti yakinitetemeka. Kisha akaeleza mambo ambayo kila mlinzi anaweza kuyafanya. Mtu asipoitika usiku, mulika tochi chini mbele ya miguu yake, uizungushe, kwa maana kiziwi huuona mwanga mapema. Usimmulike usoni, kwani hataiona mikono yako. Akigusa sikio lake na kutikisa kichwa, anakuambia kwamba hasikii. Akiingiza mkono mfukoni kwa haraka, huenda anatafuta kitambulisho. Askari mmoja aliuliza, "Na mwizi akijifanya kiziwi?" Mama akajibu kwa mikono, "Mwizi atakimbia. Mimi nitasimama." Hakuna aliyecheka, kadhaa walionekana wakiandika.

Si wote waliotupokea. Mama wawili wa kota waliwakataza watoto wao kucheza na watoto wa kikundi, wakisema uziwi ni laana, tena huambukiza. Mmoja bado hajabadilika. Tunamsalimu, tunaendelea.

Kwenu akina mama wenzangu nina maneno machache ya nyumbani. Uziwi mwingi wa utotoni huanzia katika maradhi: surua, homa ya uti wa mgongo, na sikio linalotoa usaha likaachwa bila tiba. Mpelekeni mtoto akapate chanjo zote. Msitie kijiti wala mafuta katika sikio linalouma, nendeni zahanati. Na mtoto asiyeshtuka mlango unapobamizwa, au aliyefikisha miaka miwili bila kutamka neno, apimwe. Ikionekana hasikii, msimfiche chumbani wala msingoje miujiza. Mpeni lugha mapema, kwa maana ubongo wa mtoto hudai lugha, nao huipokea vema hata ikija kwa njia ya macho.

Na kwenu waume zetu mnaoshika silaha: ulizeni katika kila mtaa mnaolinda, ni nani asiyesikia, ni nani asiyeona, ni nani asiyeweza kukimbia. Liandikeni jina lake katika daftari la lindo, jina lenyewe, si lile la kejeli. Sisi tumekwisha kufanya hivyo kambini kwetu. Yapo majina sita, na anayeshika zamu huyasoma kabla ya kupokea bunduki.