Klachi nusura inikosanishe na dada

Leo sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina stori ya klachi, na jinsi ilivyotaka kunikosanisha na dada yangu wa tumbo moja.

Naishi na dada hapa Ohio, Marekani. Mwanaye ana miaka 11 na ana kipikipiki cha matairi manne, cc 90, tulichonunua kikiwa kimetumika. Wenzetu huku watoto wanashindana navyo kwenye vumbi: wawili wawili, njia imenyooka, futi 300 tu, kama mita 90. Taa ya kijani ikiwaka, unachomoka. Ukipepesa macho, kazi imekwisha.

Mara ya kwanza kijana alichemsha. Mwenzake aliondoka, yeye akawa anajivuta kama daladala iliyojaza mpaka mlangoni. Alirudi analia. Nikamwambia, "Tulia, Anko wako nimekulia gereji za Gerezani."

Kumbe Gerezani nilizoea Vespa za gia. Hiki hakina klachi ya mkononi, kina mkanda kama skuta za kisasa. Mbele kuna puli yenye rola ndani. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, puli inabana na mkanda unapanda. Ni sawa na kuongeza gia. Nyuma kuna viatu vya klachi vinavyozuiwa na springi. Resi zikifika kiwango, vinatanuka, vinashika ngoma, unaondoka. Springi zikiwa laini, vinashika mapema, injini haijapata nguvu. Hapo ndipo kijana alipokwama.

Basi nikajiona fundi. Nikanunua springi ngumu kuliko zote dukani na rola nyepesi kuliko zote. Nikafunga vyote usiku mmoja. Hata kuzunguka nyumba sikujaribu.

Dada aliniuliza, "Mdogo wangu, una hakika? Hata chama cha madaktari wa watoto wa huku kinasema walio chini ya miaka 16 wasipande hivi vitu kabisa."

Nikamjibu, "Dada, huniamini?"

Jumamosi taa ikawaka. Injini ikalia kama imepagawa, kipikipiki hakiondoki. Harufu ya klachi kuungua ikatufikia hadi kwenye uzio. Halafu klachi ikashika ghafla. Matairi ya mbele yakanyanyuka, mtoto akatupwa pembeni. Kasheshe!

Helmeti na nguo nzito zilimwokoa. Alichubuka kiwiko tu. Lakini dada hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichoniumiza. Siku tatu alinipakulia chakula bila kunitazama. Yule mtoto analelewa na mama peke yake, na mimi ndiye niliyesema niaminiwe.

Siku ya nne nilimwomba radhi. Nikamwambia nikiuze. Akasema, "Usiuze. Kitengeneze taratibu, na mimi nikiwepo."

Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Safari hii nilibadili kimoja kimoja, nikaandika kwenye daftari. Kwanza springi za wastani, tukajaribu uwanja mtupu, dada amekaa kwenye kiti. Kikaondoka vizuri bila kunyanyuka. Ndipo nikapunguza uzito wa rola kidogo. Nilipozidisha, injini ilipiga kelele lakini mwendo hauongezeki, kwa hiyo nikarudi hatua moja. Kijana naye akafundishwa kuinama mbele wakati wa kuondoka.

Mwezi uliofuata alishinda mara moja, akatolewa mzunguko wa pili. Akavua helmeti, akanijia mbio: "Anko, leo hakijanitupa!"

Dada alisikia. Jioni ile alinipakulia paja la kuku, akanitazama.

Vijana wenzangu, ukitaka kumwonyesha mtu ufundi wako, jaribu kwanza wakati hakuna mtoto wa mtu juu yake.